SARAKASI NI KAZI
(Mazungumzo yaliyotolewa katika bwalo la shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma juu ya mabenchi ambayo, kama macho hayanidanganyi, ni yale yale tuliyoyakalia sisi:

Kamati imeniomba nizungumze kwa nusu saa juu ya kazi yangu. Walionitangulia asubuhi hii ni daktari, mhandisi wa barabara na bwana shamba, na wote wameshangiliwa kama inavyostahili. Mimi katika fomu ya Kamati, mahali palipoandikwa “kazi”, niliandika “mcheza sarakasi, jukwaani”. Ndugu Katibu alinipigia simu kuniuliza kama ni mzaha. Si mzaha. Nimekula kwa kazi hiyo, nimejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa kazi hiyo, na watoto wangu wanne wamesoma kwa kazi hiyo, ingawa ada ya mwisho ilikuja kwa taabu.

Ninayo sababu nyingine ya kukubali mwaliko huu. Katika ajenda ya mkutano wetu wa mchana iko hoja namba 6, inayohusu kikundi cha sarakasi cha wanafunzi, ambacho kimefungwa tangu kijana mmoja avunjike mkono pale kwenye uwanja wa mpira wa wavu. Ndugu Mwenyekiti ameniruhusu kuigusa hoja hiyo mwishoni. Kwa hiyo wale wanaopenda kusinzia baada ya chai, nawaomba wasisinzie sana.

Kwanza neno lenyewe. Siku hizi ukimsikia mtu anasema “acha sarakasi zako”, anamwambia mwenzake kwamba anadanganya au anazungukazunguka bila kusema jambo. Mimi neno hilo huniuma kidogo. Katika sarakasi hakuna nafasi ya kudanganya. Mchezaji wa maigizo akisahau maneno yake anaweza kubuni mengine na watazamaji wasijue. Aliye juu ya mabega ya mwenzake hawezi kubuni kitu.

Asili ya neno ni Ulaya, na maana yake ya kwanza ni duara. Mwaka 1768, huko London, askari wa farasi aliyemaliza utumishi, jina lake Philip Astley, alianza kuonyesha michezo ya kupanda farasi. Aligundua, au tuseme aliitumia vizuri kuliko wengine, siri moja: farasi akikimbia kwa duara, mtu anaweza kusimama wima juu ya mgongo wake, kwa sababu mwendo ule wa mduara unamsaidia kupata mizani. Duara lililozoeleka baadaye ni la upana wa futi 42, yaani karibu meta 13, na mpaka leo sarakasi kubwa za Ulaya zinatumia kipimo hicho. Basi katikati ya farasi na farasi, ili watazamaji wasichoke, akaweka watu wa kuruka, wa kutembea juu ya kamba na wa kuchekesha.

Lakini sikilizeni hili, maana ndipo kazi yangu inapoingia. Jumba la Astley lilikuwa na duara na jukwaa pamoja. Uingereza wakati ule ilikuwa na sheria, ya mwaka 1737, iliyoziba midomo ya majumba mengi ya michezo: ni majumba machache tu yenye hati yaliyoruhusiwa kuonyesha mchezo wa kuigiza wa kusema maneno. Wengine wote walibaki na nyimbo, farasi, vitendo bila maneno, na miruko. Wakajifunza kusimulia hadithi kwa mwili. Sheria hiyo haikulegezwa mpaka mwaka 1843. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba sarakasi imeingia kwenye maigizo juzijuzi kwa kutafuta vituko, namjibu kwamba ndugu hawa wawili wamelelewa nyumba moja.

Mfano mmoja wa karne yetu iliyopita. Mwaka 1970, huko Stratford, mwongozaji Peter Brook alionyesha mchezo wa Shakespeare uitwao “A Midsummer Night's Dream”, ambao una majini na uchawi wa msituni. Badala ya kuweka miti ya maboksi na ukungu, alizungushia jukwaa kuta nyeupe tupu, akawapandisha majini juu ya bembea. Ua la uchawi likawa sahani inayozunguka juu ya fimbo. Brook alikuwa amewaona wanasarakasi wa China, na sahani ile ilitoka huko. Sisi tunamjua Shakespeare zaidi kwa tafsiri za Mwalimu Nyerere, na nakumbuka jinsi tulivyokaririshwa “Mabepari wa Venisi” katika darasa lile la pembeni. Hakuna aliyetuambia kwamba maneno yale yanaweza kusemwa na mtu aliyening'inia.

Na hiyo China ndiyo iliyotuletea sisi. Mwaka 1965, mwaka ule ule Mwalimu alipozuru China na Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja kwetu, Serikali ilipeleka vijana 20 China kujifunza sarakasi. Walikaa huko miaka 4. Waliporudi mwaka 1969 ndipo kilipoundwa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi, kikaungana na kile cha ngoma kilichokuwapo tayari, na baadaye, mwaka 1974, kikaja cha maigizo. Wapo waliolalamika kwamba sarakasi si utamaduni wetu. Nadhani walisahau wachezaji wa ngoma zetu wanaopinduka huku wamefungwa njuga miguuni, na wale wanaocheza juu ya miti mirefu huko kusini. Tulichopewa na Wachina ni utaratibu wa mafunzo. Kuruka tulikuwa tunajua.

Nilikiona kikundi hicho mara moja tu nikiwa mtoto, katika sherehe za Saba Saba, nikiwa nimepandishwa juu ya ukuta na kaka yangu. Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1979, mwaka wa vita vya Kagera, na mambo yalikuwa magumu. Vikundi vya taifa navyo vilikuwa vinavunjwa. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na wengi wa walimu wake wa kwanza walitoka katika vikundi vile. Nikaomba, nikaitwa.

Baba yangu alikuwa karani wa Posta. Hakunikataza. Aliisoma barua ya chuo mara mbili, akaikunja, akasema, “Mwanangu, ukiumia nani atakulea?” Hilo ni swali la karani, mtu aliyezoea kuuliza nani atasaini, na nimelibeba maisha yangu yote. Mjomba wangu yeye aliuliza kwa sauti, mbele ya wageni, kama nimefeli.

Sasa niwaeleze mafunzo, kwa sababu naona vijana mnaangaliana. Mnadhani tulianza kwa samasoti. La hasha! Miezi ya mwanzo hatukuruka hata mara moja. Utaratibu wa Kichina una misingi minne: mgongo, miguu, kubinuka, na kusimama kwa mikono. Mgongo maana yake ni kuinama kinyumenyume mpaka viganja viguse chini, polepole, kila siku, huku mwalimu amekushika kiuno. Miguu ni kupiga msamba na kurusha mguu mpaka kipaji cha uso. Kubinuka kunaanza na kubiringika chini kama mtoto mdogo. Niliona aibu, mtu mzima wa miaka 20 ninayeota ndevu, kubiringika mchangani alfajiri wavuvi wa Bagamoyo wakipita na kunicheka. Lakini kubiringika ndiko kunakomfundisha mtu kuanguka, na kuanguka ndilo somo la kwanza. Mpaka leo nikiteleza kwenye matope, mwili unajikunja wenyewe na bega linatangulia kabla sijafikiri.

Kusimama kwa mikono ndiko kulikonimaliza. Tulianza kwa kuegemea ukuta, nusu dakika, kisha dakika moja, kisha mbili. Mwalimu alikuwa haangalii saa, alikuwa anaangalia jasho linavyodondoka sakafuni. Siri iko kwenye vidole. Mtu aliyesimama kwa miguu hajui kwamba vidole vyake vya miguu vinafanya kazi wakati wote. Ukisimama kwa mikono unajua. Mwili ukitaka kupitiliza upande wa mgongo, unakandamiza ncha za vidole. Ukitaka kurudi upande wa miguu yako ilikotoka, unabonyeza kitako cha kiganja. Marekebisho hayo ni madogo mno, yanafanyika mfululizo, na mtazamaji anaona mtu ametulia kama nguzo. Mabega yasukumwe juu yafunike masikio, tumbo libanwe, na macho yatazame mahali pamoja katikati ya mikono. Ilinichukua mwaka na zaidi kusimama dakika moja bila ukuta. Wapo wenzangu waliopata kwa miezi michache, na wengi wao waliacha mapema. Sijui kama kuna uhusiano.

Chakula kilikuwa ugali na maharage, na samaki siku za bahati. Zilikuwa nyakati za foleni za sukari na sabuni. Nguo moja ya mazoezi unaifua usiku unaivaa asubuhi ikiwa bado mbichi. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya Nguvu Kazi, watu wanaulizwa mijini wanafanya kazi gani. Tulikuwa wanafunzi watatu tumekuja Dar es Salaam kununua rangi za jukwaani, mgambo akatusimamisha. Tukamwambia tunasomea sarakasi. Akasema hilo ndilo jibu la mzururaji aliyebobea. Mwenzetu mmoja akatembea kwa mikono kandokando ya barabara ili athibitishe, watu wakajaa, mgambo akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akatupeleka kituoni hivyo hivyo, tukakaa mpaka jioni. Mlango huo huo tuliokutana nao wakati ule, wa mtu kutokuamini kwamba hii ni kazi, nimeendelea kuugonga benki, kwa mahakimu, na mara moja kwa baba wa mke wangu mtarajiwa.

Chuoni tulisoma yote: ngoma, muziki, maigizo, ufundi wa jukwaa. Kila mmoja alikuwa na somo lake kuu lakini hakuna aliyeruhusiwa kukimbia mengine. Hapo ndipo nilipojifunza tofauti kati ya mtu anayeruka na mtu anayeigiza kwa kuruka. Tulikuwa tunatayarisha mchezo juu ya vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907. Palikuwa na mahali ambapo wapiganaji wanapigwa risasi. Mimi, kijana, nikapendekeza tupige samasoti za kinyumenyume tukianguka, kwa sababu tulikuwa tumezijua karibuni na tulitaka zionekane. Mwalimu wa maigizo akatuacha tufanye. Wanafunzi waliokuwa wanatazama wakapiga makofi. Akatuuliza, “Wanamshangilia nani? Mjerumani?”

Tulifanya upya kwa wiki mbili. Mwishowe tulijenga mnara wa watu watatu: wa chini ni wazee, wa kati vijana, wa juu mtoto aliyebeba kibuyu cha maji. Mlio wa bunduki ulitolewa kwa ubao uliopigwa sakafuni. Kila mlio, mtu mmoja wa pembeni aliyeushikilia mnara alilala chini kimya, bila mruko, na mnara ukatikisika kidogo, mpaka akabaki mtu wa chini peke yake na watu wawili juu yake na hakuna wa kumshika. Taa ikazimwa hapo. Hakuna aliyepiga makofi, na mama mmoja wa mjini Bagamoyo alisikika akisema gizani, “Mshusheni mtoto.” Nimeifanya kazi hii miaka mingi baada ya hapo, katika kumbi kubwa kuliko ule, na sijapata sifa nyingine iliyonifaa kama hiyo.

Niseme kwa ufupi, kwa ajili ya wale wanaopenda kuongoza michezo hapa shuleni: kitendo cha sarakasi jukwaani kinapaswa kujibu swali kwamba mtu huyu kapanda juu kwa nini. Kama jibu ni kwamba anaweza, basi hapo ni sarakasi peke yake, na ni nzuri, ila hadithi imesimama kusubiri. Kama jibu ni kwamba anamkimbia mumewe, au anaiba maembe, au ni jini, hadithi inaendelea kutembea.

Nilipomaliza miaka 3 niliingia kikundi kimoja cha Dar es Salaam. Vijana wa leo hamkuviona vikundi vile. Mwishoni mwa wiki, katika kumbi za baa, kwa kiingilio kimoja mtazamaji alipata ngoma, sarakasi, vichekesho, taarabu na mchezo wa kuigiza mrefu, kuanzia jioni mpaka usiku wa manane. Sarakasi ilikuwa inaingia katikati, watu wakiwa wameshakunywa kidogo lakini hawajalewa, na nadhani waliopanga hivyo walikuwa na akili. Tulicheza piramidi, viti juu ya viti, ubao juu ya bomba, sahani, kupita chini ya fimbo yenye moto. Mtu akifurahi anakuja jukwaani kukutunza, anakubandika noti kwenye paji la uso lenye jasho. Ni heshima, lakini akija wakati umesimama kwa mkono mmoja ni hatari tupu, na hakuna namna ya kumwambia.

Baada ya sarakasi tulibadili nguo tukaingia katika mchezo wa kuigiza, mara nyingi kama walevi, wezi, na wake wenza, maana mtu anayejua kuanguka anafaa sana kuwa mlevi. Hapo mwili wangu ulijifunza kuchekesha. Kuanguka kwa mlevi ni kugumu kuliko samasoti, kwa kuwa inabidi mtazamaji aone kwamba hukutaka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikuwa nimelisimulia mbele ya watu wengi. Kikundi chetu kilialikwa kucheza katika ukumbi mmoja, mji sitautaja. Jukwaa lilikuwa la mbao, na mchana tulipofanya mazoezi tuliona mbao mbili karibu na pazia zimeoza. Kiongozi wetu alimwambia mwenye ukumbi. Akajibu kwamba bendi ilipiga juu yake wiki iliyopita na hakuna aliyelalamika. Tukaomba tuweke magodoro mbele ya jukwaa. Akakataa kwa sababu hapo ni mahali pa meza za wageni wa heshima. Tiketi zilikuwa zimeuzwa. Usiku ule tulikuwa watu watatu wima, mimi chini. Ubao ukavunjika chini ya mguu wangu wa kulia, mguu ukazama mpaka gotini, na wale wawili wakaenda mbele. Wa kati aliruka akatua. Wa juu aliangukia ukingo wa meza, akavunjika nyonga. Alikuwa na miaka 24.

Ninyi wa kidato cha pili na cha tatu mmesoma fizikia, basi fanyeni hesabu pamoja nami. Mtu wa tatu katika mnara, nyayo zake ziko karibu meta 3 juu ya sakafu. Akianguka anafika chini kwa muda usiotimia sekunde moja, kwa mwendo wa kilometa 28 hivi kwa saa, sawa na baiskeli inayoteremka mlima. Mwendo huo lazima uzimwe. Kama anaangukia godoro linalobonyea sentimeta 30, gawanyeni meta 3 kwa sentimeta 30: mwili unapokea nguvu ya wastani kama mara 10 ya uzito wake. Itauma, atainuka. Kama anaangukia kitu kinachomsimamisha ndani ya sentimeta 3, ni mara 100. Tofauti kati ya maisha mawili ya mwenzangu ilikuwa ni sentimeta 27 za sufi na meza za wageni wa heshima.

Mwenye ukumbi hakulipa kitu. Bima hatukuwa nayo. Tulichanga, tukamhudumia miezi saba, na alitembea tena, ila kwa fimbo. Alifungua duka la kushona viatu na alikuwa anakuja kutuangalia mazoezini. Alikuwa na jicho kali kuliko mwalimu yeyote, anaona bega limelegea kabla mwenye bega hajajua. Tangu usiku ule kikundi chetu kiliweka mambo kwa maandishi. Kiongozi wa sarakasi, si wa kikundi, ndiye mwenye neno la mwisho kama watu wanapanda au hawapandi. Pasipo godoro hakuna mtu wa tatu. Sehemu ya kila kiingilio inakwenda katika mfuko wa matibabu kabla ya mtu yeyote kulipwa. Kumbi mbili zilitufuta kwa ajili ya sheria hizo, na mwaka mmoja tulikula kidogo. Swali la baba yangu ndilo lililokuwa linaulizwa, na hilo ndilo jibu pekee tulilolipata.

Niliacha kupanda nikiwa na miaka 38. Vifundo vya mikono vilikuwa vinaniamsha usiku. Tangu hapo nafundisha na kuongoza. Mambo yamebadilika. Chuo cha Bagamoyo tangu 2007 ni taasisi, TaSUBa. Nairobi wana Sarakasi Trust tangu 2001, wamegeuza jumba la sinema la zamani huko Ngara kuwa mahali pa mazoezi. Dar es Salaam ilifunguliwa shule mwaka 2003 na Winston Ruddle, mtu wa Zimbabwe, na vijana wamecheza Ulaya katika onyesho la Mother Africa. Vijana wa Tanzania na Kenya wanatafutwa katika hoteli, melini na katika maonyesho ya nje. Nawafurahia sana. Lakini wanakuja kwangu na mikataba waliyokwisha kuisaini, wananiomba niwasomee. Nawaambia siku zote yaulizwe haya kabla ya kalamu: tiketi ya kurudi nani analipa, pasipoti anashika nani, maonyesho ni mangapi kwa wiki, na ukiumia siku ya tatu mshahara unakatika lini. Kijana mmoja aliniambia, “Mzee, ukiuliza sana wanamchukua mwingine.” Ni kweli. Wanamchukua.

Basi, hoja namba 6. Nimezungumza na kijana aliyevunjika, ambaye yuko humu ndani na mkono wake umepona. Alikuwa anajifunza samasoti kutoka kwenye video za simu, juu ya udongo mkavu, bila mtu wa kumkinga. Kikundi kilipofungwa vijana hawakuacha. Jana jioni nimewaona nyuma ya jiko, juu ya gunia la majani, na mlinzi wa shule anajifanya hawaoni. Ndugu wajumbe, tunachoamua leo ni kama wataruka mbele ya mwalimu au nyuma ya jiko.

Ninachoomba ni kidogo. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya lango jipya la shule, ambalo sina ugomvi nalo, zipunguzwe kiasi cha kununua magodoro manane ya mazoezi. Mwalimu wa michezo apelekwe kozi fupi wakati wa likizo. Mimi nitakuja wiki mbili kila muhula, nauli yangu mwenyewe. Na ninayo masharti, vijana, msishangilie bado. Hakuna moto. Mafuta ya taa yakiingia kwenye mapafu, hata tone, yanaweza kukulaza hospitali, na nimeona wanaojiita mabingwa wakikohoa mwezi mzima. Hakuna mnara wa watu watatu shuleni, ni wawili basi. Kwa kidato cha kwanza na cha pili, kusimama kwa mikono ni kwa dakika chache tu kwa siku, kwa sababu mifupa ya anayekua ina sehemu laini karibu na ncha zake, na vifundo vya mikono haviombwi kubeba mwili mzima saa nzima. Na mzazi asaini.

Mkuu wa Shule ameniuliza faraghani kama hatutawaharibia masomo. Nilimjibu kwamba mimi nilikuwa wa 11 katika darasa la watu 42, naye anayo madaftari ya wakati ule, aangalie.

Ndugu Mwenyekiti amenionyesha saa. Kuna kijana ameinua mkono tangu nilipotaja China. Naam, simama.

(Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliuliza kama mtu anaweza kuanza sarakasi akiwa na miaka 16, au amekwisha chelewa.)

Kwa mgongo umechelewa kidogo. Wachina wanaanza watoto wadogo, na wewe hutakunjika kama wao. Kwa mikono hujachelewa. Mimi nilianza na miaka 20. Kwa kuwa mtu wa chini, anayebeba, ndiyo kwanza unaanza kufaa, na nakuona una mabega. Watu wote wanataka kuwa wa juu, ndiyo maana wa chini hakosi kazi. Kesho saa 12 asubuhi nitakuwa uwanjani, upande wa mwembe, mkutano ukishapitisha hoja. Usinywe chai kwanza, na uvue saa.